Maswali Yenu: Magari Yakipungua Barabarani, Hewa Yabadilika Kiasi Gani?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Malindi, moja yatoka Lamu, na zote zazunguka jambo moja, moshi wa magari. La kwanza nimelijibu kwa urefu manake ndilo lenye uzito, na mwenye kuliuliza ana mtoto mgonjwa.

SWALI: Salaam aleikum Mwalimu. Nakaa Malindi, nyumba yetu imepakana na barabara ya kwenda Mombasa, na binti yangu ana pumu. Mwaka 2020 wakati kaunti yetu ya Kilifi imefungwa kwa sababu ya korona mtoto hakushikwa na kifua hata kidogo, mimi nikasema ni kwa sababu magari hayapo. Mume wangu asema ilikuwa bahati tu. Sai magari yamejaa tena na inhela haibanduki mkononi. Nani yuko sawa? – Mama, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, na pole sana kwa mtoto. Wewe umekaribia ukweli zaidi, manake magari yakipungua hewa hubadilika kweli, na hilo lilipimwa, si la kudhania. Ila miezi ile kilichobadilika si magari peke yake, kwa hivyo wacha tulifungue polepole.

Kilifi ilifungwa tarehe 8 Aprili 2020 jioni pamoja na Mombasa na Kwale, na ikafunguliwa tarehe 7 Juni. Mabasi ya Mombasa yakasimama, ndege za nje zilikuwa zimekatazwa tangu Machi kwa hivyo watalii hakuna, na usiku kafyu, kila mtu ndani. Wakati huo huo huko kwengine duniani miji mikubwa nayo imefungwa, na watu wa kupima hewa wakapata kitu ambacho hawangeweza kukifanya kwa makusudi, yaani kuzima magari ya mji mzima halafu waangalie kitatokea nini. Kuna gesi yaitwa naitrojeni dayoksaidi, mjini sehemu yake kubwa yatoka kwenye injini. Watafiti wa NASA waliangalia vipimo vya miji 61, na katika miji 50 gesi hiyo ilishuka kati ya asilimia 20 na 50 ukilinganisha na vile ingekuwa mwaka wa kawaida. Wuhan kule China ilishuka kama asilimia 60. Ilishuka haraka kwa sababu gesi hii haikai hewani, saa chache tu ishageuka kitu chengine ama ishapeperushwa, basi ukizima chanzo leo, kesho washaona tofauti.

Sasa vumbi laini ndilo halikutii hivyo. Lile wataalamu huliandika PM2.5, chembe ambazo hazizidi maikroni 2.5, unywele wa kichwa chako ni mnene karibu mara 30 kuliko hizo. Zenyewe hukaa hewani siku kadhaa na zatoka kila mahali, kwenye dizeli ndio, lakini pia jiko la makaa, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba, mashamba yanayochomwa, barabara za vumbi. Ni kama kukaanga samaki jikoni, ukizima jiko harufu yatoka jioni ile ile lakini mafuta yaliyorukia ukutani yabaki. Beijing mwezi wa Februari 2020 watu wamefungiwa ndani na barabara nyeupe lakini ukungu mchafu ulitanda mji mzima, kwa sababu viwanda vikubwa na mitambo ya umeme havikuzimwa na upepo ulikuwa umelala.

Turudi Malindi. Angalia kalenda: Aprili, Mei, Juni. Hio ni masika, na Mei ndio mwezi wetu wa mvua nyingi kushinda yote, mvua huosha vumbi hewani na barabarani. Kusi nao umeshika, hewa yote yatoka baharini ikiwa safi na kusukuma moshi wetu mbali. Kwa hivyo hata mwaka ambao magari hayakusimama, miezi hii hewa yetu huwa afadhali kuliko Januari na Februari kukiwa kukavu. Na jengine, ambalo mimi nadhani kwa binti yako lilikuwa na nguvu sana: shule zilifungwa tangu katikati ya Machi. Watoto hawakuambukizana mafua. Mafua ya kawaida haya ya shuleni ndio huamsha pumu ya watoto kushinda kitu chochote, na nchi nyingi mwaka ule watoto wa pumu walipungua hospitalini hata mahali ambapo hewa haikubadilika sana.

Kwa hivyo si bahati, lakini si magari pekee. Mvua, kusi, shule, na magari, yote yalimsaidia mtoto wako kwa pamoja. Sasa la kukufaa ni kujua fungu la magari ni lipi, manake mvua na upepo huwezi kuagiza.

Hapo kuna habari nzuri kidogo. Moshi wa magari huwa mkali sana ukingoni mwa barabara, halafu ukienda ndani hatua mia moja, mia mbili, umeshapungua sana. Wewe umepakana na barabara kwa hivyo unapata ule wenyewe haswa. Fanya hivi: chukua kitambaa cheupe ukiloweshe, upanguse vioo vya dirisha la upande wa barabara, halafu kitambaa chengine upanguse la upande wa pili. Ukiona cheusi chenye kuteleza kama mafuta, kisichotoka hata ukifua kwa sabuni, hayo ni masizi ya dizeli na matairi. Ukiona hudhurungi yenye mchanga mchanga, hilo ni vumbi la udongo. Ukishajua ni upande gani na ni uchafu gani, mhamishe mtoto alale chumba cha mbali na barabara. Dirisha la barabarani lifunge asubuhi na mapema na jioni wakati wa foleni, haswa alfajiri manake upepo wa bahari huwa haujaamka na moshi wakaa chini pale pale, halafu lifungue kuanzia saa nne upepo ukishaingia. Akienda shule apite njia za ndani asifuate lami hata kama ni mbali kidogo. Na ikiwa wapikia makaa ndani ya nyumba, dadangu nakusihi, toa jiko nje kabla hujamlaumu dereva wa matatu.

Dawa ya daktari usikatize hata hewa ikiwa safi. Nakwambia hivo kwa sababu kuna mji wa Stockholm kule Sweden, mwaka 2006 walianza kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji, magari yakapungua karibu asilimia 20, na watoto wanaopelekwa hospitali kwa pumu wakapungua pia, lakini polepole, kwa miaka. Kifua kilichochoka hakiponi wiki moja kwa sababu barabara imenyamaza.

SWALI: Mwalimu mimi ni dereva wa tuktuk hapa hapa Malindi. Abiria watulaumu kuwa sisi ndio twaharibu hewa, wengine wasema tupunguzwe nusu. Watoto wangu wala kwa hii tuktuk. Yangu yatoa moshi wa bluu kidogo asubuhi. Kweli tuktuk yashinda lori kwa moshi? – Dereva, steji ya sokoni

JIBU: Kakangu, ukipima masizi lori bovu la dizeli lakushinda mbali sana. Moshi wa dizeli Shirika la Afya Duniani, kupitia tawi lake la utafiti wa saratani, liliuweka mwaka 2012 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Lakini usifurahie mapema. Salensa ya tuktuk iko chini, na ukisimama steji moshi wako unatoka mahali ambapo mtoto aliyeshikwa mkono na mamake ana pua yake. Tena nyinyi ni wengi, na mwazunguka mule mule ambamo watu wanatembea na kuuza mboga, ilhali lori lapita na kwenda zake Lamu.

Kuhusu kupunguzwa nusu mimi siungi mkono, na sababu yangu si huruma tu. Kila mahali ambapo watu wamesimama kando ya barabara na mashine ya kupima moshi, wamekuta jambo moja, magari machache yaliyochoka ndiyo yanayotoa sehemu kubwa ya uchafu wote. Ukiondoa tuktuk kumi nzima zenye servisi hewa haitajua, lakini ukitengeneza moja inayofuka kama tanuri la chokaa mtaa mzima utashukuru. Kwa hivyo swali si tuktuk ngapi, swali ni tuktuk gani.

Yako sasa. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Ikiwa waona bluu unapowasha tu halafu yakatika, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili yateremka usiku. Ikiwa yaendelea mchana na kila ukikanyaga moto bluu yaongezeka, hizo ni ringi zimekwisha na hapo utaona pia waongeza oili kila mara. Na kama ni injini ya zamani ile ya kuchanganya oili na petroli, angalia kipimo, madereva wengi humimina oili kwa jicho wakidhani ikizidi ndio injini itaishi, kumbe yaungua na kutoka. Moshi mweusi ni kitu chengine kabisa, mafuta yamezidi hewa, basi angalia airklina, yetu huku hujaa mchanga haraka sana hasa mkiingia njia za ndani, halafu plagi, halafu kabureta. Airklina kuisafisha ni kazi ya dakika chache na hakuna fundi atakayekutoza pesa ya maana.

Na muzime injini mkiwa steji. Hili nalisema kwa moyo wote. Tuktuk tano ziko kwenye laini, ya mbele yasubiri abiria wa mwisho, zote tano zanguruma, hakuna inayokwenda mahali. Petroli ni yenu inayoteketea. Ukijua utakaa zaidi ya dakika moja, zima.

Mafuta nayo, nunua mahali unapopaamini. Zamani dizeli ilikuwa yachanganywa na mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi, mpaka mwaka 2018 serikali ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hio. Kabla ya hapo, tangu Januari 2015, Kenya na jirani zake walishapunguza salfa kwenye dizeli, kutoka sehemu 500 kwa milioni ikawa 50. Waona, hapo hakuna gari hata moja lililopunguzwa barabarani lakini moshi wa kila lori nchini ulibadilika. Hali kadhalika risasi kwenye petroli, Kenya iliachana nayo mwishoni mwa 2005, na watoto wanaocheza kando ya barabara sai hawapumui sumu ambayo sisi tuliivuta utoto wetu wote.

Za umeme ukipata uwezo ni nzuri, haswa kwa mizunguko mifupi kama yenu, na umeme wa Kenya karibu asilimia 90 watokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Vumbi la breki na matairi litabaki, lakini moshi wa steji utakwisha.

SWALI: Mwalimu wetu wa jiografia alisema magari yalipopungua wakati wa korona hewa ya ozoni ilipanda. Inawezekanaje kitu kichafu kupanda na magari hayapo? – Mwanafunzi wa Form 3, Malindi

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli mwanangu. Ozoni ya juu angani yatukinga na jua, lakini ya huku chini tunayopumua yachoma kifua. Haitoki kwenye salensa moja kwa moja, yapikwa na jua kutokana na gesi za naitrojeni pamoja na mvuke wa petroli na vitu kama hivyo. Sasa moshi unaotoka kwenye injini sai hivi una gesi yaitwa naitriki oksaidi, na hio ikikutana na ozoni huila. Ndio maana katikati ya barabara yenye foleni ozoni huwa kidogo, yaliwa pale pale. Magari yakiondoka mlaji ameondoka, ozoni iliyopikwa kwengine yaja na kukaa. Mwaka 2020 ilionekana Wuhan, Turin na Nice, na Los Angeles wamelijua jambo hili miaka mingi kwa sababu wikendi magari makubwa hupungua na ozoni hupanda.

Usiende nalo vibaya ukasema basi magari yatufaa. Ukipunguza gesi za naitrojeni kidogo tu mjini ozoni yaweza kupanda, lakini ukizipunguza sana, na mvuke wa petroli nao ukapungua, hakuna cha kupikwa tena na ozoni yashuka.

Na ukitaka kumuonyesha mwalimu kuwa umesoma, mtajie Atlanta mwaka 1996 wakati wa Olimpiki. Magari ya asubuhi yalipungua kama asilimia 22, ozoni ikashuka asilimia 28, na watoto wenye pumu hospitalini wakapungua sana, dunia nzima ikashangilia. Mwaka 2010 watafiti wengine wakarudi kwenye vipimo vile wakakuta ozoni ilishuka hata miji ya mbali ambako hakuna barabara iliyofungwa. Hali ya hewa ya wiki zile ilikuwa na mkono wake.

SWALI: Sisi Lamu twasifiwa hatuna magari. Lakini bodaboda zaongezeka kila uchao na mimi naona hewa ya mitaani si ile. Ama ni uzee? – Mzee wa Langoni

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Si uzee. Mji wenu una kitu ambacho Malindi hatuna, nyumba ndefu za mawe zimekaribiana na njia nyembamba kati yake. Pikipiki moja ikipita njia pana upepo wachukua moshi, ikipita uchochoro wa hatua mbili tatu moshi wagonga ukuta huku, wagonga ukuta kule, na kukaa mpaka mwenye nyumba aumalize kwa mapafu yake. Kwa hivyo pikipiki chache Lamu zaweza kumletea mtu wa Usita wa Mui moshi mwingi kuliko pikipiki nyingi za kwetu barabarani. Mji wa punda uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 haukujengwa kwa injini.

Lakini mzee, tuseme yote. Moshi wenu mkubwa nadhani hauko nchi kavu. Simama gatini asubuhi boti zikiwashwa. Zile mashine za zamani za kuchanganya oili, kuna muundo ambao hadi robo ya petroli yatoka bila kuungua, nusu yaingia baharini nusu puani. Zile mpya zisizochanganya oili ni ghali lakini zala petroli kidogo zaidi. Ongeza majenereta umeme ukikatika, ongeza takataka zinazochomwa na plastiki ndani yake. Bodaboda zizuiliwe kuingia mji wa kale, hilo mimi naliunga mkono kabisa, ila msimalize maneno yote juu ya bodaboda.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Malindi, twataka kuomba kaunti ifunge barabara moja ya mjini Jumapili moja kila mwezi, watu watembee na kuendesha baiskeli. Je hewa itasafika? – Vijana, Malindi

JIBU: Vijana wangu, nimefurahi. Kigali walianza mwaka 2016 na mpaka leo watu hujazana barabarani kwa miguu na baiskeli. Siku yenyewe, kwa barabara yenyewe, ndio, mtaona, gesi za injini zitashuka saa ile ile. Jumatatu zitarudi. Na magari yaliyozuiwa hayakuyeyuka, yatapita mtaa wa pili, kwa hivyo angalieni nani anakaa mtaa huo wa pili na mumuulize kabla.

Jihadharini tu na zile sheria za kusema leo namba hizi kesho namba zile. Mexico City walianza hivyo mwaka 1989, kila gari likae nyumbani siku moja kwa wiki kufuatana na namba ya mwisho, na watu wakanunua gari la pili kuukuu lenye namba tofauti, mtafiti alipokuja kupima baadaye hakuona hewa imekuwa safi. Beijing wakati wa Olimpiki ya 2008 walibana magari kwa namba na viwanda pia, hewa ikapata nafuu kweli, halafu michezo ikaisha na uchafu ukapanda tena.

Kwenye barua yenu kwa kaunti mimi ningeongeza mambo mawili. Steji zihamishwe kutoka milango ya shule na zahanati, na magari ya kusubiri abiria yazime injini. Pili, waombeni kipima hewa kimoja, hata kile kidogo cha bei nafuu, kiwekwe karibu na steji miezi kadhaa kabla ya Jumapili yenu ya kwanza, na kibaki hapo mwaka mzima, Kusi na Kaskazi, mvua na kiangazi, ndio mjue kilichopungua ni moshi ama ni upepo uligeuka tu.